Uvumi na Ukweli wa Motokaa za Mbio

Katika vyombo vyote vilivyoundwa kwa mikono ya wanadamu, motokaa ya mbio ni miongoni mwa vile vilivyotwikwa hadithi kupita kiasi. Jembe halisimuliwi hadithi, wala cherehani, ingawa vyote viwili vimelisha watu wengi zaidi. Lakini motokaa ya kimo kifupi, yenye pua ndefu na mngurumo kama wa radi, ikipita mara moja tu mbele ya macho ya watu, habari zake hudumu vinywani mwao kwa miaka hamsini, na kila mwaka huongezewa chumvi kidogo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Kiambere, katika nchi ya Wambeere, mahali ambapo Mto Tana umezuiwa kwa bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1988. Mashindano makubwa ya motokaa hayakupita mlangoni petu. Njia yake mara nyingi ilizunguka Mlima Kenya kwa upande wa Embu na Meru, huko juu kwenye mvua na udongo mwekundu. Lakini wapo wazee wa huku ambao katika ujana wao walipanda hadi Embu siku za Pasaka, wakakesha kando ya barabara, wakisubiri taa zitokee gizani. Waliyoyaona usiku ule wamewarithisha watoto wao, na watoto hao wameniletea mimi darasani. Mimi nilizaliwa enzi ile ikiwa imekwisha pita. Nimezijua motokaa hizo kwa masimulizi, kwa picha, na kwa injini moja kuukuu iliyokuwa juu ya meza katika chuo cha ualimu nilikosoma. Injini hiyo tuliifungua na kuifunga mara nyingi hata nati zake zikalainika.

Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa nazichukia motokaa hizo. Nazipenda sana. Na anipendaye rafiki yangu hamsifu kwa mambo asiyoyatenda.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki, kisha Safari Rally, jina ambalo dunia nzima ya motokaa inalijua. Mwaka 1963 motokaa zaidi ya 80 ziling'oa nanga, zikarudi 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka zaidi ya 90, na zilizorudi zilikuwa 7 vile vile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Hapo wazee wa kwetu hupunguza sauti na kusema kuwa namba saba ilikuwa na siri yake. Mimi naona kuwa mvua kubwa, matope na mito iliyofurika yanatosha kuieleza siri hiyo bila msaada wa namba.

Peugeot 404 haikuwa motokaa ya mbio kwa umbo. Ilikuwa motokaa ya familia, ya daktari au ya karani mkuu. Motokaa ya mbio hasa, iliyowapumbaza watu, ilikuja mwaka 1971, nayo ni Datsun 240Z. Ilikuwa na viti viwili, boneti ndefu kama mtumbwi, na paa lililoinama nyuma. Mwaka huo Edgar Herrmann alishinda, na Shekhar Mehta, akiwa katika motokaa ya aina ile ile, akawa wa pili. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe. Miongoni mwa washindani wa miaka ile ilikuwamo Porsche 911 kutoka Ujerumani, motokaa yenye sifa kubwa kuliko zote na bei kubwa kuliko nyingi. Porsche ilikuwa ya pili mwaka 1972, ikawa ya pili mwaka 1974, ikawa ya pili tena mwaka 1978. Ushindi wenyewe haikuupata kamwe katika Safari ile.

Kutokana na jambo hilo pamezuka hadithi mbili zinazopingana, na ajabu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuzisimulia zote mbili jioni moja. Ya kwanza yasema kuwa Datsun 240Z ilishinda kwa sababu ilichorwa na Mjerumani na si Wajapani. Hili nitalipitia upesi. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Goertz aliwahi kweli kuwa mshauri wa Nissan katika miaka ya 1960, lakini umbo la 240Z ni kazi ya wachoraji wa Nissan wenyewe chini ya Yoshihiko Matsuo. Wanaosema vinginevyo huona vigumu tu kukubali kuwa Mjapani wa wakati ule aliweza kuunda kitu kizuri.

Hadithi ya pili yasema kuwa Porsche ililaaniwa, kwamba dereva wake mmoja aliikanyaga mahali patakatifu, na tangu hapo haikuweza kufika mbele. Hii nataka tukae nayo, maana jibu lake ni hesabu ya darasa la chini kabisa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Safari ilikuwa mwendo wa kilometa 5,000 au zaidi. Chukua motokaa mbili. Moja yaenda kwa wastani wa kilometa 100 kwa saa. Itamaliza kilometa 5,000 kwa saa 50. Ya pili ina nguvu zaidi, yaenda kwa wastani wa kilometa 102. Itamaliza kwa saa 49 na dakika moja. Basi nguvu zile zote, fedha zile zote, na sifa ile yote, zimenunua dakika 59. Sasa ikate motokaa hiyo yenye nguvu chuma kimoja cha kushikia gurudumu, mafundi wakihangaika nacho gizani kwa saa moja, na faida yote imekwisha. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya sentimeta za ujazo 1,600. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård, dereva hodari wa Sweden, katika Porsche yenye injini ya sentimeta za ujazo 2,700 hivi. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini Safari haikumuuliza mtu injini yake ni kubwa kiasi gani. Ilimuuliza ni nini kitakachovunjika kwanza. Na Joginder, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa motokaa kabla hajawa dereva maarufu, akijua kwa mikono yake ni wapi chuma huchoka.

Kuhusu laana, tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya motokaa za kale katika nchi yetu, na Porsche 911 imeyashinda. Waldegård mwenyewe aliyashinda kwa motokaa hiyo mwaka 2011, na Stig Blomqvist mwaka 2015. Kama kulikuwa na mizimu, basi imesamehe.

Sasa nageukia uvumi wenye madhara. Ule wa laana haujamuumiza mtu. Ni burudani ya jioni. Lakini upo uvumi ambao vijana huubeba hadi nyuma ya usukani.

Wa kwanza ni huu: kwamba motokaa ya mbio, kadiri inavyozidi kasi, ndivyo inavyozidi kuigandamiza ardhi. Nimeusikia kwa wanafunzi, kwa makondakta wa matatu, na hata kwa mwalimu mwenzangu wa somo jingine. Ukweli wa motokaa nyingi za zamani ni kinyume chake. Tazama umbo lao kwa ubavu: chini ni bapa, juu ni mviringo. Ni umbo la bawa la ndege. Upepo unaopita juu ya mgongo ule hukimbia zaidi, shinikizo lake hupungua, na motokaa huvutwa juu. Nguvu hiyo ya kuinua haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Motokaa ambayo kwa kilometa 60 ilikuwa imetulia kama kuku anayeatamia, kwa kilometa 160 huanza kuwa nyepesi katika mikono ya dereva. Wahandisi wa Porsche walilijua jambo hili, na ndiyo sababu mwaka 1972 walipoitoa 911 Carrera RS waliiwekea nyuma kipande kilichoinuka kama mkia wa bata. Mkia ule haukuwa pambo. Ulitengenezwa baada ya kupimwa kwa upepo, ukapunguza nguvu iliyokuwa ikiinua magurudumu ya nyuma.

Fundi akifunga bawa la plastiki juu ya buti la motokaa ya kawaida, bila kipimo, bila hesabu, atakuwa amefunga kofia. Katika mwendo wa barabara zetu haliongezi mshiko wowote wa maana. Jambo linaloongezeka ni imani ya dereva.

Uvumi wa pili ni mzito zaidi, nao una asili ya kweli, na kwa hiyo ni mgumu kuung'oa. Wasema: ukiwa katikati ya kona usiondoe mguu kwenye mafuta, ongeza. Ndivyo walivyofanya mabingwa.

Asili yake ni Porsche 911. Injini ya motokaa ile imewekwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukitaka kujua hali yake, beba jembe begani, chuma kikiwa nyuma yako, kisha geuka kwa ghafla. Utahisi chuma kile kikitaka kuendelea na safari yake hata baada ya wewe kusimama. Dereva wa 911 ya zamani aliyeingia kona kwa kasi, kisha akaogopa akaondoa mguu, aliifanya motokaa ipungue mwendo kwa ghafla. Uzito ukahamia mbele, tairi za nyuma zikabaki zimegusa ardhi kidogo, na mkia wenye injini ukachomoka nje kama chuma cha jembe. Watengenezaji waliliona tatizo. Kwa muda walitia vipande viwili vya chuma kizito katika bampa la mbele ili kusawazisha, kisha kwa motokaa za mwaka 1969 wakaongeza nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa milimita 57. Basi ni kweli kwamba katika motokaa hiyo dereva alifundishwa asiondoe mguu katikati ya kona. Lakini uvumi umekata nusu ya fundisho. Nusu iliyosahauliwa ni kwamba bingwa alikwisha punguza mwendo kabla ya kona, angali katika sehemu iliyonyooka. Aliingia taratibu, kisha akatoka kwa kasi. Watazamaji wa Embu waliosimama kwenye kona waliona kutoka tu. Breki zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake meta mia nyuma, gizani, mahali pasipokuwa na mtazamaji.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye jina lake nitalihifadhi, alinunua motokaa ya Kijapani iliyotumika, yenye injini mbele na inayosukumwa na magurudumu ya mbele. Aliifunga bawa nyuma. Mwezi wa tatu tangu ainunue, akitelemka katika barabara ya vumbi iendayo upande wa mtoni, akiwa na binamu yake kando, aliingia kona moja tunayoijua sote kwa kilometa 90 kwa saa, kwa maneno yake mwenyewe. Alipoona motokaa inapanuka kwenda nje, alikumbuka fundisho la mabingwa, akaongeza mafuta. Katika motokaa ya aina yake, kuongeza mafuta katikati ya kona hufanya magurudumu ya mbele, ambayo tayari yana kazi ya kukata kona, yapewe na kazi ya kuvuta pia. Yakashindwa zote mbili. Motokaa ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwamba.

Baada ya majuma machache niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu mahali pale, Jumamosi asubuhi, wawili wakisimama mbali na bendera nyekundu kuwaonya wapitao. Tulinyosha kamba ya meta 20 kwenye ukingo wa kona, tukapima kutoka katikati ya kamba hadi ukingo, tukapata meta moja. Kwa kanuni ya duara, nusu kipenyo cha kona ile ni meta 50 na nusu. Kisha tukakokota tairi kuukuu lililotiwa mawe, kwa mizani ya springi, juu ya changarawe ile ile. Nguvu iliyohitajika ilikuwa karibu nusu ya uzito wake. Tukakaa chini ya mgunga tukafanya hesabu. Mwendo mkubwa kabisa ambao kona ile inauruhusu, juu ya changarawe ile, ni kilometa 56 kwa saa hivi.

Msichana mmoja aliuliza: je, kama motokaa ingekuwa nzito, kama lori, si ingeshika zaidi? Huo nao ni uvumi wa kale, kwamba uzito hushika barabara. Nikamwambia aitafute herufi ya uzito katika jibu lake la mwisho. Aliitafuta, akaikosa. Uzito huongeza mshiko, lakini huongeza kwa kiasi kile kile nguvu inayohitajika kuipindisha motokaa, na vyote viwili hufutana. Mwenzake akataka kujua habari ya kilometa 90. Tukapiga hesabu hiyo pia: mshiko uliohitajika ulizidi uzito wa motokaa yenyewe kwa robo nzima. Hapana tairi la kawaida litoalo mshiko huo hata juu ya lami kavu, licha ya changarawe. Mehta mwenyewe, akiwa ndani ya 240Z, asingepita pale kwa mwendo ule. Watoto walinyamaza. Wengi wao walimjua binamu wa kijana yule. Alikuwa mchezaji wa kandanda.

Palipotokea ajali ile, watu waliokusanyika waliitazama motokaa iliyojikunja mbele kama karatasi, wakasema: motokaa za siku hizi ni mabati matupu, zile za zamani zilikuwa chuma, zingeugonga mwamba zikaendelea. Nimesikia maneno hayo katika kila ajali. Nayo yana ukweli nusu. Motokaa za zamani zilikuwa ngumu, naam. Lakini mwili wa binadamu uliomo ndani ni laini, na kitu kigumu kikisimama ghafla, kilicho laini ndani yake hukipokea kipigo chote. Pua inayojikunja hurefusha muda wa kusimama, na muda ukirefuka, nguvu ya kipigo hupungua. Motokaa ile ilikufa badala ya dereva. Yeye alivunjika mguu na mbavu mbili, na leo anatembea kwa fimbo.

Tena, kama tunataka kuzisifu motokaa za kale kwa haki, tuzisifu kwa jambo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, motokaa yenye mgongo wa kobe, iliyokwisha tumika katika Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Wazee wetu wanaikumbuka kwa sababu iliondoka ya kwanza na kurudi ya kwanza, ikiwaacha wengine nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu. Husema ilikuwa na dawa. Lakini PV544 ina sifa nyingine, nayo haisimuliwi kando ya moto: ilikuwa miongoni mwa motokaa za kwanza duniani kuuzwa, tangu mwaka 1959, zikiwa na mkanda wa kiti unaopita begani na kiunoni, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie ubunifu huo bila malipo.

Kijana wangu alikuwa amefunga mkanda wake, kwa desturi tu, maana polisi hukaa kwenye njia panda. Wa upande wa abiria ulikutwa umejiviringisha mahali pake, haujavutwa. Binamu alirushwa nje kupitia kioo, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Motokaa iliuzwa kwa vipuri. Lile bawa la nyuma halikupata hata mkwaruzo, na halikukaa sokoni siku mbili. Alilinunua kijana mwingine kutoka upande wa Kiritiri. Nimemtumia salamu kwa mtu anayemjua, kwamba akipita Kiambere Jumamosi yoyote anikute shuleni, nimwonyeshe ile hesabu ya kona. Bado sijamwona.